Fundi amefungua seva yetu ya barua pepe kwa kila mpita njia, na bado anadai malipo yake ya mwisho

Ndugu wanajukwaa,

Nimekasirika, na nitaeleza jambo lenyewe bila kumtaja mhusika. Ofisi yetu hapa Kampala hutunza misimbo ya programu zake kwenye Gitea, programu ya kuhifadhia misimbo, na barua pepe zake kwenye docker-mailserver, seva ya barua pepe, zote zikiwa kontena za Docker (programu zilizotengwa, kila moja kwenye mazingira yake) ndani ya seva moja. Tulimpa fundi kazi ya kuziunganisha, ili anayesahau nywila au kukabidhiwa hitilafu ya kurekebisha apate taarifa kwa barua pepe.

Kwanza aliandika localhost (yaani “kompyuta hii hii”) kwenye SMTP_ADDR, mpangilio wa Gitea unaotaja anwani ya seva ya barua pepe, ingawa ndani ya kontena ya Gitea jina hilo humaanisha kontena hiyohiyo. Hilo nalisamehe, huwapata wengi. Alipoweka jina la kontena, yaani mailserver, Gitea ilikataa na kueleza waziwazi kwamba cheti cha usalama cha seva ya barua pepe kimetolewa kwa jina kamili la seva katika domeni yetu, si kwa mailserver. Dawa yake ni kuipa kontena ya barua pepe jina hilo kamili kama lakabu (jina la ziada) katika mtandao wa Docker na kuliandika hilohilo kwenye SMTP_ADDR, basi. Bwana huyu akaweka FORCE_TRUST_SERVER_CERT kuwa true, yaani Gitea ikubali cheti bila kukikagua, mpangilio ambao maelezo ya Gitea yenyewe yanaonya kwamba si salama, akasema kazi inaendelea vizuri.

La pili ndilo lililotuumiza. Gitea iliingia poti 587 (mlango wa kutuma barua kwa wanaoingia kwa nywila) kwa akaunti ya git huku FROM, yaani anwani ya mtumaji, ikitaja noreply, na kwa kuwa SPOOF_PROTECTION, kinga dhidi ya kughushi mtumaji, imewashwa, seva ikajibu kwa kosa 553: anwani ya mtumaji si mali ya aliyeingia. Ilitosha kuisajili noreply kuwa lakabu ya git. Yeye akafuta USER na PASSWD (jina na nywila za Gitea za kuingilia seva), akahamia poti 25, mlango wa kupokea barua kutoka seva nyingine, kisha akabadilisha PERMIT_DOCKER kutoka none kuwa network, ili kila kinachotoka kwenye mtandao wa Docker kiaminiwe bila nywila. Seva yetu ina IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao) lakini kontena hazina, hivyo wageni wanaoingia kwa njia hiyo hupitishwa na Docker na kuonekana kana kwamba wametoka kwenye lango la ndani la mtandao wa Docker, nao wakaaminiwa vilevile. Nilipoendesha mailq (amri ya kuonyesha barua zinazosubiri kutumwa) ndani ya kontena, foleni ilikuwa imejaa matangazo ya mikopo yanayokwenda kwa watu tusiowajua. Sasa anwani yetu imo kwenye orodha za watuma taka, na hata ankara zetu zinarudishwa.

Nilipomuuliza, alinijibu, “Ssebo (bwana), si ulitaka barua zitoke? Zinatoka.”

Malipo yaliyobaki hayatatoka hadi PERMIT_DOCKER irudishwe none, ukaguzi wa cheti uwashwe tena, Gitea iingie kwa nywila, na yeye mwenyewe ajaze maombi ya kuiondoa anwani yetu kwenye kila orodha iliyomo.