Mrejesho: Mkopo wa halmashauri wa kikundi chetu, Dar

Ndugu zangu, niliwauliza kama mwanakikundi wa kawaida anaweza kudai taarifa ya benki ya mkopo wa halmashauri, maana mwenyekiti wetu alikataa kutuonyesha. Nilikwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kama mlivyoshauri. Akawaita viongozi, vitabu vikafunguliwa mbele yetu sote. Vyerehani viwili vya kwenye andiko la mradi havikununuliwa. Inauma sana! Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) inatokana na ushuru na tozo za wananchi, na mwaka 2023 mikopo hii iliwahi kusimamishwa baada ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kuonyesha fedha hazirejeshwi. Mhazini amesaini kurudisha fedha. Watia saini wa benki tumebadilisha. Aliyenisisitiza nibebe katiba ya kikundi, Mungu akubariki.