Ultrasaundi au MRI: kipi kitaonyesha kama umeme unajenga paja?

Kocha_Mbulu: Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaye mkimbiaji wa mita 1500 ambaye paja lake la kushoto limesinyaa, na sasa anatumia mashine ya kusisimua misuli kwa umeme. Nimpeleke ultrasaundi, au nijikaze nilipie MRI, ile mashine ya picha za sumaku?

FizioMoshi: Kocha, hujasema aliumia nini wala lini. Tena unataka kujua kama msuli umenenepa, au kama umeme unaufikia wote? Kila swali lina kipimo chake.

Mpigapicha77: Mimi nasimama na MRI. Hulionyesha paja zima kipande kwa kipande, na picha zake za T2, zile zinazoonyesha maji, zikipigwa mara tu baada ya zoezi, sehemu zilizofanya kazi hung'aa kutokana na maji yaliyoingia msulini. Kwa umeme, mara nyingi mng'ao hujikusanya karibu na pedi za umeme zinazobandikwa ngozini, huku sehemu za ndani zikiwa kama hazikuguswa.

Nuru_800: Shikamoo Kocha. Yaliyonipata kwenye ultrasaundi yasimpate kijana wako. Mara ya kwanza nilipimwa asubuhi, nimepumzika. Baada ya wiki 6 nikapokewa na mpimaji mwingine, aliyekandamiza kifaa pajani mpaka jeli ikachuruzika pembeni. Msuli ukasomeka umepungua milimita 3, nikaongezewa umeme siku hiyo hiyo, na kesho yake mkojo ulitoka kama chai ya rangi. Nyuzi za misuli zilikuwa zimevunjika, nikalazwa figo zikiangaliwa.

FizioMoshi: Pole sana, dada. Msuli ukikandamizwa lazima usomeke mwembamba. Mpimwaji alale chali kama dakika 20, mahali pa kupima pawekwe alama ya kalamu, jeli iwe nyingi na mpimaji awe yule yule. Kwa utaratibu huo, bado naichagua ultrasaundi, maana anaweza kuirudia mara nyingi bila kufilisika.

Mzee_wa_Riadha: Tangu mtafiti Yakov Kots wa Urusi alipodai kule Montreal mwaka 1977 kwamba umeme huongeza nguvu hadi asilimia 40, watu wanaukimbilia. Mpimeni nguvu kwanza, kwa kuwa neva huweza kuiongeza kabla picha haijabadilika.

Mpigapicha77: Mzee wangu, huyu hatafuti rekodi. Baada ya goti kuumia, msuli wa mbele wa paja hugoma kutii hata mtu akiuamrisha, na hapo ndipo umeme unapofaa.

Kocha_Mbulu: Niwieni radhi. Ni ligamenti ya mbele ya goti, alipasuliwa wiki 7 zilizopita, na ana skrubu.

Mpigapicha77: Skrubu zimetengenezwa kwa kitu gani? Za titani huvuruga picha karibu na goti tu, lakini lete karatasi ya upasuaji kabla hajaingia kwenye mashine. Na kabla ya kuanza umeme alipimwa?

Kocha_Mbulu: Hakupimwa. Nilidhani tungelinganisha na paja la kulia.

FizioMoshi: La kulia nalo limekaa wiki 7 bila kukimbia, Kocha.