Tunarudi Mbeya, mtoto alikuwa Montessori huku, tuangalie nini?

Toka kwa: mama wa Utrecht, nyumbani Uyole

Wana Nyanda za Juu hamjambo, wakubwa shikamooni. Sisi tunarudi Mbeya Januari, mume ameshapata kazi huko, na binti yetu ana miaka minne na nusu, hapa Uholanzi yuko shule ya Montessori, ule mfumo wa mtoto kujifunza kwa kujichagulia kazi na kuifanya kwa mikono yake, toka alipotimiza minne. Wifi yangu kanizungukia shule kuanzia Forest mpaka Uyole, zipo zenye neno Montessori kwenye bango lakini anasema ukiingia ndani watoto wamekaa kwenye mistari wanaimba a e i o u, na madaftari yamejaa vema nyekundu. Mama mkwe naye kila tukipiga simu swali ni moja, mtoto ameshajua kusoma? maana kuna intavyu ya darasa la kwanza. Naomba anayeijua hii falsafa kwa undani aniambie, ni kitu gani ambacho shule isipokuwa nacho hiyo sio Montessori hata bango liseme nini. Na bila fimbo wala zawadi mtoto anaongozwaje, hilo naulizwa na kila ndugu.

Toka kwa: mwalimu wa chekechea, Kihesa Iringa

Kamwene dada. Mafunzo ya Montessori nilisomea chuo cha masista na darasani nipo mpaka leo, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Jina Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kufungua shule akaliandika ukutani na hakuna wa kumzuia, kwa hiyo bango lisikupe shida wala lisikupe matumaini. Mwambie wifi aende saa tatu asubuhi, aombe kukaa kwenye kona nusu saa bila kusema neno, aangalie mikono ya watoto. Kama mikono iko juu ya meza inasubiri mwalimu amalize kuongea, aage aondoke. Kama kila mtoto ana kitu chake anafanya, mmoja kwenye mkeka chini, mwingine mezani, wawili pamoja, na mwalimu unamtafuta kwa macho mpaka umuone kachuchumaa pembeni ya mtoto mmoja, hapo akae aendelee kuangalia.

Halafu aulize ratiba. Asubuhi inatakiwa kuwa na kama masaa matatu yasiyokatwa, tuseme saa mbili mpaka saa tano, kwa sababu mtoto mdogo anachelewa kuzama kwenye kazi, anazungukazunguka kwanza, na akishazama ukimgongea kengele ya kipindi umemvunja. Na umri wachanganyike, miaka 3 mpaka 6 chumba kimoja, yule wa sita anamuonyesha wa tatu na kwa kumuonyesha anaelewa zaidi yeye mwenyewe. Shule iliyowatenga kwa mwaka mmoja mmoja imetoa kitu kikubwa sana.

Vifaa navyo vina akili yake. Ule mnara wa waridi, michemraba ya mbao ambayo mtoto anaipanga mmoja juu ya mwingine, una vipande 10, cha chini sentimita 10 kila upande, cha juu sentimita 1, na darasa zima mnara ni mmoja tu. Sio umaskini huo, ni makusudi, ukiutaka na mwenzio anao unasubiri, na kusubiri kunajifunzwa hapo hapo bila hotuba. Ile mitungi ya mbao inayoingia kwenye matundu, ukikosea mmoja mwisho unabaki na mtungi usio na tundu lake, kwa hiyo kosa analiona mtoto mwenyewe, mwalimu hana haja ya kusema umekosa wala kuchora mkasi kwenye daftari.

Sasa malezi, maana hapa ndio ndugu wanahisi hamna nidhamu kabisa. Mtoto ana uhuru wa kuchagua kazi aliyokwisha kuonyeshwa na kukaa nayo mpaka atosheke, ila haruhusiwi kuumiza mtu, kuharibu kitu wala kumvuruga mwenzie, na akimaliza anarudisha kitu pale alipokitoa kikiwa tayari kwa anayefuata. Hiyo mipaka haibadiliki kwa sababu mwalimu leo kaamka vizuri. Juzi hapa kwangu mtoto wa miaka mitatu alikuwa anamimina maji kutoka kwenye jagi dogo la kioo, kioo kweli sio plastiki, likateleza maji yakamwagika mpaka chini ya kiti, akasimama akanitazama kama anasubiri kipigo, mimi nikatazama kitambaa pale kilipotundikwa. Akakifuata, akafuta, akakamua kwenye beseni akatoa tone moja, akarudi kufuta tena, ilimchukua muda mrefu mno na dada mmoja wa miaka mitano akataka kumsaidia nikamwambia muache. Alipomaliza alijaza jagi upya akaanza kumimina, safari hii kwa mikono miwili. Ningempa pipi kesho angefuta kwa ajili ya pipi, ningempiga kesho asingeligusa jagi.

Anayempiga mwenzie hatumuachi hivihivi. Unaushika ule mkono, unainama mpaka macho yenu yalingane, unasema kwa maneno machache, halafu anakaa karibu na wewe mpaka atulie, baadae ukiwa muda mzuri unawaonyesha wote namna ya kumwambia mtu "sitaki". Adabu tunaifundisha kama somo kabisa, kupita nyuma ya kiti cha mtu, kuweka mkono begani kwa mwalimu na kusubiri badala ya kupiga kelele, kumpokea mgeni mlangoni na kumuamkia shikamoo.

Kuhusu kusoma mwambie mama mkwe asiwe na hofu. Herufi za msasa mtoto anazifuata kwa vidole huku anatamka sauti, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, akishashika sauti anaunganisha ma, me, mi haraka, mara nyingi anaanza kuandika kabla hajasoma. Hesabu anabeba shanga moja mkononi, halafu mchemraba wa shanga 1000, uzito anausikia kabla ya kuandika zile sifuri.

Toka kwa: kaka wa Tukuyu, yuko Minnesota

Asante mwalimu umeandika vitu. Ila tuseme ukweli hii si elimu ya wenye hela? Ada nilizotajiwa zinatisha, na vifaa kuagiza nje ndio usiseme.

Toka kwa: mwalimu, Kihesa

Kaka, Maria Montessori alikuwa daktari, na shule yake ya kwanza, aliyoiita nyumba ya watoto, mwaka 1907 ilifunguliwa San Lorenzo, mtaa wa maskini pale Roma, watoto wenyewe walikuwa wanabaki peke yao wazazi wakienda vibaruani. Utajiri wameuweka watu baadae, na mimi unaniumiza. Vifaa vingi seremala wa Mafinga anatengeneza, mbao za Sao Hill zipo, lakini msimamie na rula, kipande cha sentimita 7 kikitoka 7 na nusu basi mnara haumwambii mtoto kitu tena.

Toka kwa: mama wa Soweto, Mbeya mjini

Dada karibu nyumbani. Mimi niongezee la nyumbani tu maana shule inaisha mchana. Ukishafika utapata dada wa kazi, na kwa upendo wake atamvisha mtoto viatu, atamlisha, atambebea begi, baada ya mwezi yale yote ya Uholanzi yameyeyuka. Kaa nae siku ya kwanza umwelekeze, mtoto anajivalisha hata kama anachelewa, kikombe anaosha mwenyewe. Na umpeleke kwa bibi akachambue maharage, atoe mawe aweke huku, yaliyooza huku, na kidumu cha lita moja cha kwake cha kuchotea maji. Ila vikombe vya kioo anza na viwili tu.

Toka kwa: mama wa Utrecht

Mbarikiwe sana, nimemsomea mume yote. Wifi anarudi Jumatatu saa tatu kwenye shule mbili, ila ile aliyoanza kwenda walimkatalia kukaa darasani, wakasema wageni wanaishia ofisini, kwa hiyo hiyo nimeiondoa. Mwenye namba ya fundi wa Mafinga anayefuata vipimo anitumie pembeni tafadhali, nataka fremu za kujifunzia vifungo na zipu, na kabati fupi linalofika kifuani kwa mtoto.