Wale watu watatu wa Kenyatta Avenue ni kina nani hasa? Mtoto ameniuliza nikakwama

BabaShiro_254

Habari zenu wadau. Jumamosi nilikuwa tao na kabinti kangu, ka Grade 3, tukishuka Kenyatta Avenue kwenda kutafuta viatu vya shule, mvua ikaanza tukasimama kidogo karibu na zile sanamu tatu za shaba nyeusi. Mimi hapo nimepita zaidi ya miaka kumi na nimepangia watu kukutana hapo mara nyingi, unajua tu ile "tupatane kwa sanamu". Sasa huyu mtoto akakaa kuziangalia weee halafu akaniuliza, "Baba, mbona hawa wako na bunduki na huyu mwingine hana?"

Nikaangalia na kweli, mmoja hana bunduki. Miaka yote hiyo sijawahi kuona! Nikamwambia huyo labda ni mpishi. Akaniuliza tena anaitwa nani, nikakwama. Kuna maandishi pale chini, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili cha zamani, lakini mvua ilikuwa imeshika tukakimbia.

Mwalimu wao amewaambia waandike kuhusu jengo au sanamu moja ya Nairobi na yeye ameshachagua hizo. Mngenisaidia kabla ya Ijumaa. Na kama kuna mtu anajua historia ya zingine za hapo tao aweke pia, KICC, Kipande House na kadhalika, maana hata hizo nimegundua ni majina tu najua.

kamwana_wa_stage

Huyo asiye na bunduki ni hoka, hao wawili ni kanjo 😂😂

MamaNduku

Huyo hapo juu asiharibie mtoto homework jamani.

Baba Shiro, hizo ni ukumbusho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Ziliwekwa 1928, na hio barabara kabla ya uhuru iliitwa Delamere Avenue. Aliyechonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Wenye bunduki mmoja ni askari wa KAR, ile King's African Rifles, mwingine ni wa Arab Rifles, kikosi cha watu wa Pwani. Na huyo ambaye mtoto wako amemuona (mwambie ana macho, wakubwa tunapita tu) ni mpagazi. Sio mpishi. Mpagazi wa Carrier Corps.

Nieleze kidogo kwa sababu hapa ndio kuna maneno. Vita vyenyewe huku kwetu vilikuwa Waingereza wakimfukuza Mjerumani kule Tanganyika, yule jenerali wao von Lettow-Vorbeck, ambaye alikuwa anapiga na kukimbia, anapiga na kukimbia, mpaka akaingia Msumbiji. Sasa huko hakuna reli, barabara ya gari hakuna, ng'ombe na farasi wanakufa na mbung'o. Risasi na unga vitafikaje kwa askari? Kwa kichwa cha mtu. Na huyo mtu naye anakula njiani, kwa hivyo unahitaji mtu mwingine wa kumbebea huyo wa kwanza chakula, na huyo naye akule nini, ndio unaona vile hesabu inapanda. 1917 serikali ikafanya msako mkubwa, John Ainsworth ndio alipewa kazi ya kutafuta watu, machifu wakaambiwa kila mmoja alete idadi fulani ya wanaume. Hapo hakuna kujitolea, ulikuwa unachukuliwa.

Wengi hawakufa na risasi. Walikufa na kuhara, malaria, nimonia, baridi na njaa. Watu waliokuwa wamezoea wimbi, ndizi au viazi wanapewa unga wa mahindi na hawana hata muda wa kuupika ukaiva, tumbo linaharibika na kesho bado ni kubeba. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza inapita 40,000, na wanahistoria wengi wanasema hio ni ndogo.

Otis_Kaloleni

Na ongeza hii Mama Nduku, umeiacha na ndio tamu. Carrier Corps, hebu itamke haraka haraka kama mzee wa 1917. Ka-ri-a-koo. Ka-ri-o-ko. KARIOKOR! Kambi yao ilikuwa pale, ndio mtaa na soko zikaitwa hivyo. Kila Jumapili watu wanaenda Kariokor kula nyama choma na kununua vyondo na hawajui wanataja jina la jeshi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kakake mkubwa alichukuliwa kutoka Gem akapelekwa "kariokor" na hakurudi. Nyumbani hilo neno lilikuwa linamaanisha kwenda na kutorudi. Ukichelewa dukani dani (nyanya) anakuuliza, kwani ulikuwa umeenda kariokor? Sisi tulidhani ni mzaha tu wa wazee, mimi nimejua chanzo chake nikiwa nimeshaoa.

mzaramo_halisi

Wakuu salaam kutoka Dar. Nimecheka hapo kwa Kariokor maana na sisi tunayo Kariakoo, na chanzo ni hicho hicho, kambi ya wapagazi. Miji miwili, nchi mbili, jina moja, na nadhani nusu ya watu wanaoshuka kwenye daladala Kariakoo asubuhi hawajui.

Na sanamu tunayo pia, pale Posta makutano ya Samora na Azikiwe, tunaiita Askari. Fundi ni huyo huyo Stevenson, yetu ilizinduliwa 1927, ila ni askari mmoja tu kainama na bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Mpagazi wa kusimama naye hatukupewa, hapo Nairobi mmetuzidi. Na pale ilipo, kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, Waingereza walipouchukua mji wakaing'oa, ikaenda kuishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya 60 😄 Mzee hakupata pa kupumzika.

Halafu soma yale maandishi ukipata nafasi ndugu Baba Shiro. Ya kwenu na ya kwetu yanafanana. Kiingereza chake kaandika Rudyard Kipling. Wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho panasema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako.

Njeri.K

Jina lipi sasa? Hapo ndio hunikasirisha. Zunguka hio sanamu yote, hakuna jina hata moja. Wazungu waliokufa kwa vita hivyo hivyo kila mtu ana jiwe lake, jina, namba na tarehe, nenda makaburi ya vita uone yalivyopangwa kama maharagwe shambani. Wapagazi wakapewa sanamu ya jumla. Na haikuwa bahati mbaya, ile tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliamua hivyo, na 2021 wakatoa ripoti wenyewe wakakubali kwamba Waafrika na Wahindi wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao, wengine hawakuandikwa kabisa, na waziri wao wa ulinzi akaomba msamaha bungeni. Miaka mia moja na kitu baadaye.

Na mishahara? Wapagazi wengi walikufa na pesa zao hazijalipwa, familia hazikujulikana ziko wapi, na zile pesa London ikakataa kuziachilia. Watoto watakumbuka jina, sawa, na pesa je?

Otis_Kaloleni

Njeri umeanza 😅 lakini ni ukweli.

MamaNduku

Ni ukweli kabisa. Na waliorudi hai walikuta nini? Hapa sasa tunaingia Kipande House ambayo Baba Shiro aliuliza. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 katikati ya vita, ikawekwa kando kwa sababu ya vita vyenyewe, halafu vita vilipoisha ndio wakaanza kuitumia, 1919 na 1920. Kwa hivyo mtu ametoka Tanganyika mguu umeoza, anafika nyumbani anaambiwa njoo utoe alama za vidole. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16. Kile kipande kinaandikwa jina lako, mwajiri wako, mshahara wako, na mzungu lazima akisaini ndio uweze kutoka kwake ukatafute kazi kwingine, asiposaini ukitoka wewe ni mhalifu. Kiliwekwa kwa kijikebe cha chuma unavaa shingoni na kamba. Kwetu wazee walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi.

Jengo lenyewe lilikuwa limejengwa 1913, aliyelichora ni Mhindi, Gurdit Singh Nayar, na mwanzoni lilikuwa la mambo ya reli. Hayo ya kipande yalikuja baadaye, watu wanapanga laini kuandikishwa, ndio jina likakwama. Siku hizi ni benki. Unaingia kuuliza mambo ya ATM kadi na kitambulisho unaonyesha vizuri tu, wala hakuna anayekuvalisha kamba.

Hicho kipande na kodi ndio vilimfanya Harry Thuku, yule mwanasiasa, aanze kelele, akashikwa Machi 1922, watu wakajaa nje ya polisi kumdai na wakapigwa risasi, zaidi ya 20 wakafa. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kwa hizo sanamu zako. Na wakati huo sanamu zenyewe zilikuwa bado hazijawekwa, yaani waliua watu 1922 halafu 1928 wakatuletea shaba ya asante.

kamwana_wa_stage

Sawa nimenyoroshwa, sitafanya mzaha tena. Swali la ukweli sasa. KICC si ilijengwa na Wachina?

Otis_Kaloleni

Wachina wa 1967 wapi kaka 😂 KICC ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norway, pamoja na David Mutiso wetu. Mwanzo ilikuwa iwe ofisi za chama, KANU, jumba la kawaida tu, halafu ikasikika mkutano wa Benki ya Dunia na IMF utafanyika Nairobi 1973, mara ya kwanza Afrika, ndio ramani ikaongezwa orofa juu ya orofa mpaka 28 na ukumbi mkubwa wa mikutano hapo kando, ule wenye paa kama nyumba ya msonge. Mzee Jomo akaifungua Septemba 1973. Halafu ikakaa kwa KANU miaka yote hiyo mpaka ule muungano wa vyama wa NARC walipoingia serikalini ndio serikali ikaichukua 2003.

Ukipata nafasi panda juu na mtoto. Ukiwa pale juu Kenyatta Avenue unaiona yote vile ni pana, ati ilipimwa hivyo mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka bila kurudi nyuma.

Njeri.K

Na asisahau sanamu ambayo HAIPO. Lord Delamere, yule mlowezi wa Kizungu, alikuwa amekaa hapo hapo kwa barabara iliyoitwa jina lake, karibu na Hoteli ya Stanley, uhuru ulipokuja akang'olewa akapelekwa kwa shamba lao Soysambu. Barabara iliyokuwa inaanzia hapo mbele yake ilikuwa Hardinge Street. Leo inaitwa Kimathi Street, na ukiifuata mpaka mwisho unampata Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, amesimama na bunduki yake, aliwekwa Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Delamere hakurudi.

mzaramo_halisi

Hiyo kali. Huku Wissmann huko Delamere, ila askari wetu wote wamebaki pale pale. Hao nadhani hawakuwa na wa kuwachukia.

BabaShiro_254

Nimerudi kutoa ripoti, asanteni sana nyote, sikutarajia hii yote.

Leo baada ya kanisa nilimchukua tukarudi pale, hakukuwa na mvua, tukasoma maandishi pole pole. Kiswahili chake aliking'ang'ana nacho lakini kwa "miguu na mikono" akaelewa moja kwa moja, akaangalia miguu ya yule wa tatu. Halafu tukatembea mpaka Kariokor, nikamnunulia kakiondo kadogo na tukala choma. Nikamuuliza mama aliyetuuzia kiondo kama anajua mbona hapa panaitwa Kariokor. Akaniambia, "Si ni jina tu la soko." Shiro akamweleza. Mama akaacha kuhesabu chenji, akamsikiza mpaka mwisho, akasema baba ya nyanya yake alienda vita ya Mjerumani na nyumbani huwa hawajui alizikwa wapi.

Kazi ya shule ameandika ukurasa mmoja na kuchora wote watatu. Chini ya wale wenye bunduki ameandika "askari wa KAR" na "askari wa Arab Rifles". Chini ya yule mwingine kwanza aliacha wazi, akaniuliza tena anaitwa nani. Nikamwambia hakuna anayejua. Akafikiria, akaandika "kakake babu ya Otis".

Otis_Kaloleni

Aah. Mwambie alikuwa anaitwa Ochieng'.

BabaShiro_254

Amefuta, ameandika upya.