Naomba ushauri: fidia ya ajali kazini huchukua muda gani, na hukoma lini?

Habari zenu wakuu.

Mume wangu aliumia kazini, mashine ilimbana mkono wa kulia. Mfupa umeunga, ila vidole viwili havikunji. Asubuhi vifungo vya shati namfunga mimi, naye anatazama pembeni. Inaniuma sana.

Huu ni mwezi wa nne. Mwajiri anasema fomu alishapeleka, kila tukiuliza tunaambiwa "bado inashughulikiwa". Risiti za matibabu, ripoti ya daktari na taarifa ya ajali vyote ninavyo, nakala nimetoa.

Nimesoma Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964. Unataka malipo yaendelee muda wote ambao mtu hawezi kufanya kazi, na siku zinazoweza kuachwa bila malipo ni 3 tu za mwanzo. Najua unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini miezi minne ni mingi mno.

Waliopitia haya, nisaidieni. Madai yenu yalichukua muda gani hadi malipo ya kwanza? Na linalonikosesha usingizi zaidi: daktari anataka kumpima kiwango cha ulemavu wa kudumu. Akipimwa sasa, kabla vidole havijafika mwisho wa kupona, asilimia hiyo inaweza kurekebishwa baadaye? Malipo ya muda yanakatwa siku hiyohiyo?

Pia mwajiri anamwita arudi kwa kazi nyepesi. Akikubali, anapoteza haki yake?