Afisa ustawi niko Nachingwea, nataka kusomea unasihi ngazi ya uzamili bila kuacha kazi

Mwana wa Nachi

Habari za usiku wanajamvi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii huku Nachingwea, shahada ya kwanza ninayo. Kwenye karatasi kazi yangu ni ustawi, ila ukishinda ofisini kwangu utaona ni unasihi kutwa nzima: matunzo ya watoto, ndoa, binti aliyepata mimba akiwa shule, mzee aliyetelekezwa na wanawe. Minada ya korosho ikianza Oktoba ndiyo balaa, benchi la nje halitoshi. Mama kaja na mtoto mgongoni, baba hela za mnada kazipata, ila zimeishia kwa bi mdogo.

Chuoni unasihi tuliugusa juu juu tu. Nataka niusomee hasa. Je, nianze na stashahada ya uzamili au niende moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili? Kuna namna ya kusoma nikiwa kazini? Nawasilisha.

Mkorosho Dume

Mkuu, hiyo ada nunua shamba la mikorosho. Mshahara unafuata muundo wa kada yako, haupandi kwa sababu umeongeza cheti.

Mama Newala

Mkorosho, siyo kila anayesoma anasaka mshahara. Kwa hilo la mshahara lakini hujamdanganya, aingie akijua.

Mdogo wangu, mimi ni mwalimu, uzamili wa elimu niliupata Chuo Kikuu Huria nikiwa nafundisha. Wana vituo Mtwara na Lindi, mtihani unafanyia huku huku. Shida yake ni kwamba hakuna wa kukusukuma: unatoka darasani saa kumi, unasahihisha madaftari, ndipo ufungue moduli na umeme umekatika. Masomo ya wikendi Dar usiyafikirie kabisa. Ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga watu walikwama njiani.

Mnasihi wa Wodini

Nipo hospitali moja Mtwara, kazi yangu ni hiyo unayoiulizia. Mama Newala kasema vizuri, ila unasihi una jambo moja ambalo ualimu unaweza kulikwepa: hausomeki kwa moduli peke yake. Ni lazima ukae na mteja, halafu mtu aliyekuzidi apitie ulichofanya. Mimi msimamizi wangu alikuwa anasoma maelezo yangu mstari kwa mstari. "Hapa mama alisema amechoka, wewe ukamuuliza ana watoto wangapi. Kwa nini?" Nilitokwa jasho. Pale ndipo nilipojifunza, vitabu vilinisaidia kufaulu mtihani tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, piga simu chuoni uulize: mazoezi ya vitendo ni saa ngapi, yanafanyika wapi, anayesimamia ni nani na amesomea nini? Wakikujibu "utaandika ripoti", tafuta kwingine. Jina la chuo lisikutishe wala lisikulevye.

Nyie wa ustawi mna mtihani wenu pia. Mtu hajamaliza sentensi ya pili, afisa ameshaanza kuandika wito wa kumwita mume. Kwa suluhu ya matunzo ni sawa, unasihi ni kitu kingine. Wanandoa unaowasuluhisha asubuhi huwezi kuwa mnasihi wao mchana, wote watakuona uko upande wa mwenzake. Na siri ina mipaka: mtoto akikwambia anafanyiwa ukatili huwezi kukaa nayo kifuani, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Mteja aujue mpaka huo kabla hajafungua mdomo, siyo baada.

Stashahada ya uzamili kwa kawaida ni mwaka mmoja, inamfaa anayetaka ujuzi wa kutumia kesho. Shahada ina utafiti na tasnifu, humo ndimo watu wa kazini wengi wanakwama miaka. Kwa maelezo yako, ningeanza na stashahada.

Utumishi Mstaafu

Mjukuu, utaratibu usiuruke. Jina lako liingie kwanza kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kisha upate ruhusa ya Mkurugenzi kwa maandishi. Ukijiendea kimyakimya, ukirudi na cheti utaulizwa nani alikuruhusu. Halafu hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, siyo chuo tu. Ukichukua ya nje kwa njia ya mtandao, tuzo hiyo itabidi TCU waitambue, la sivyo utaitundika sebuleni.

Mwana wa Nachi

Nawashukuru sana wakuu wangu. Mnasihi, umenigusa kwenye wito, fomu zenyewe ziko mezani muda wote. Swali moja: ofisi yetu ni chumba kimoja, tupo watatu, dirisha linatazamana na kijiwe cha bodaboda. Hayo mazoezi nitayafanyia wapi?

Mnasihi wa Wodini

Hapo hapana, bodaboda watajua kesi kabla yako. Ongea na kituo cha afya kilicho jirani, wanaotoa unasihi wa VVU wana chumba chenye mlango unaofungika na siku nyingine mchana kinakaa kitupu. Kisipopatikana, njoo kwetu na barua ya chuo. Ila usije Novemba, msimu wa korosho na sisi tunajaa.

Mkorosho Dume

Na shamba je?