Mwisho wa Battlestar Galactica ulitudhulumu mashabiki, na sisi Watanzania ulitudhulumu mara mbili

Ndugu wanajukwaa, nimeitazama upya Battlestar Galactica yote, ile tamthilia ya runinga ya safari za angani, na kufika tena "Daybreak", kipindi cha mwisho kilichorushwa Machi 20, 2009, na hasira niliyokuwa nayo mara ya kwanza haijapoa hata kidogo. Ambaye hajaitazama asiendelee kusoma, maana nitataja kila kitu.

Watu wapatao 38,000, mabaki ya makoloni 12 ya angani yaliyoteketezwa na Cylon, viumbe waliotengenezwa na binadamu, wanaifikia sayari yetu na kutua Afrika, kisha Lee Adama, mwana wa kamanda wao Admirali Adama, anapendekeza waachane na miji na mashine ili waanze upya. Meli zote zinaelekezwa kwenye jua. Kura haipigwi, mwanasheria Romo Lampkin anasema tu kwamba anashangaa jinsi watu walivyokubali kwa urahisi, na mambo yanaishia hapo. Hawa ndio walewale ambao vipindi vichache nyuma walishika silaha nyuma ya waasi Gaeta na Zarek, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni mpango wa Admirali Adama wa kufunga teknolojia ya Cylon kwenye injini za meli za raia. Walioua na kuuawa kwa ajili ya injini sasa wanazitupa injini pamoja na dawa na vifaa vya upasuaji, wala hatumwoni mama mmoja mjamzito akiuliza atajifungulia wapi. Rais Roslin aliandika idadi ya watu ubaoni, akafikia hata kupiga marufuku utoaji mimba ili watu wasipungue. Misimu minne tulifundishwa kwamba kila roho inahesabiwa, halafu saa ya mwisho hesabu hiyo ikafutwa kwa hotuba fupi.

Lililoniumiza zaidi linakuja baada ya miaka 150,000, jijini New York, ambapo tunaelezwa kuhusu "Hawa wa mitokondria", mama wa asili wa watu wote walio hai, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na ambaye wanaakiolojia wanaamini wamepata mabaki yake. Mama huyo ni Hera, mtoto wa Cylon na binadamu. Nilifurahi kusikia nchi yangu ikitajwa, na furaha hiyo haikudumu. Hawa wa wanasayansi hakuwa mwanamke wa kwanza wala wa pekee. Waliishi wanawake wengine wengi wakati wake, isipokuwa nasaba zao za upande wa mama zilikatika njiani, na hakuna anayeweza kuokota mfupa na kusema huu ni wake. Tena mitokondria, sehemu ndogo za seli zenye vinasaba vyake, hurithiwa kwa mama, na mama wa Hera ni Cylon, yaani sote tungekuwa na mitokondria iliyotoka kwa viumbe waliotengenezwa, ilhali vinasaba hivyohivyo vinaonyesha wazi udugu wetu na sokwe wa hapahapa duniani.

Na wenyeji je? Tunawaona kwa mbali, mikuki mkononi, na tunaambiwa kwamba hawana hata lugha, ila wageni watawapa kilicho bora ndani yao. Nimesoma shule ya msingi katika nchi yenye Olduvai, ambako fuvu la Zinjanthropus lilipatikana mwaka 1959, na Laetoli yenye nyayo za miaka milioni 3.6. Kuambiwa kwamba watu wa ardhi hii walisubiri wageni kutoka angani waje kuwafundisha kusema ni hadithi ileile ya kikoloni iliyodai kwamba kila cha maana Afrika kililetwa na watu wa nje. Hata nyika yenyewe watayarishaji walikwenda kuipiga picha Kanada, karibu na Kamloops, wakapachika wanyama kwa kompyuta.

Ninachosikitikia ni kwamba ndani ya kipindi hikihiki Roslin anafariki akiwa ndani ya Raptor, chombo kidogo cha angani, akitazama wanyama na ndege chini yake, na Admirali Adama anamvisha pete yake mwenyewe. Mary McDonnell na Edward James Olmos waliicheza sehemu hiyo kwa namna ambayo bado hunitoa machozi, na walistahili kuandikiwa hadithi bora kuliko hii.